Nilisema ni goti: michubuko ya mapajani ilivyonitesa wiki ya sensa

Niseme mapema ili asiyetaka habari za mapaja aishie hapa. Hii ni habari ya mapaja, yale ya ndani, pale juu yanapokutana, ambapo ukitembea sana panachubuka mpaka unatembea umetanua miguu kama umeshuka kwenye punda. Wengi tunapajua ila hatupasemi. Mi mwenyewe nilikaa kimya miezi mitatu nzima na ukimya ule ndo ulinigharimu kuliko kidonda chenyewe, hela na raha vyote vikaenda.

Mwili wangu ni wa kawaida tu, sio mnene sana, mapaja ndo yamejaza kidogo kama wanawake wote wa upande wa mama. Toka sekondari nilikuwa nachubuka nikitoka shule kwa mguu mwezi wa kumi, na Tabora mwezi wa kumi mnaijua, mvua bado, hata kivuli cha mwembe kinatoa joto. Lakini ilikuwa inawaka siku moja mbili inaisha yenyewe, kwaiyo nikawa najiona naujua huu mchezo. Hapo ndo kosa la kwanza kabisa.

Sasa ikaja sensa ya 2022. Nilikuwa nimemaliza chuo sina kazi, naishi kwa shangazi pale Isevya, Tabora mjini, nikaomba ukarani nikapata, nikafurahi sana aisee. Nikapangiwa kijiji kimoja huko Uyui, sitakitaja. Mtu wa mjini akisikia kuhesabu kaya anadhani nyumba zimepangana kama mtaa wa Ng'ambo pale mjini. Kule unatoka kaya moja unapita shamba la mtu, unapita bani la kukaushia tumbaku, unakata kipori, unatembea kwenye mchanga unaozama mguu, ndo unafika kaya nyingine unakuta mbwa wawili na mama yuko kisimani. Unasubiri. Afu unaanza tena.

Mavazi yangu siku ile ya kwanza, Jumanne tarehe 23 Agosti, nayakumbuka mpaka leo. Sketi ndefu ya kitambaa kizito, nimeivaa ili nionekane mtu wa serikali, ndani gagulo la nailoni, ndani ya gagulo chupi ya kawaida, juu kizibao na kitambulisho. Nilibeba kishikwambi, chaja, pawabenki, maji, biskuti, mpaka poda ya uso. Mafuta ya mgando nikayaacha mjini juu ya meza. Na jana yake usiku, sijui shetani gani alinituma, nikanyoa mapaja kwa wembe, eti niende safi. Ngozi iliyopitiwa na wembe jana yake tayari ina vijeraha usivyoviona, na vinyweleo vikianza kuchomoza vinasugua kama brashi ya viatu.

Ilipofika kama saa nne asubuhi nilianza kusikia kamoto. Saa sita kamekuwa moto. Agosti kwetu usiku ni baridi unajifunika blanketi ila mchana jua halina utani, na hewa ni kavu, kwaiyo usoni unajiona hujatoka jasho wakati chini ya sketi na gagulo la nailoni mnapikana. Baadae nilikuja kuelezwa inavyokuwa. Ngozi kavu ikipita juu ya ngozi kavu inateleza teleza, ikilowa kabisa kabisa nayo inateleza, ila ikiwa na jasho la kati, ule unyevu wa kunata, hapo kila hatua inavuta na kuchuna. Jasho likikauka linaacha chumvi, na chumvi ni punje, kwaiyo hatua ya elfu moja unajisugua kwa msasa wako mwenyewe. Gagulo halitenganishi kitu maana linapanda linajikunja pale pale katikati.

Mwenyekiti wa kitongoji ndo alikuwa ananitembeza, mzee wa heshima sana, ana baiskeli yake anaisukuma pembeni yangu. Akaniangalia akasema, "Binti karani, mbona unachechemea?"

Jamani ningemwambiaje mzee wa watu? Nikasema, "Ni goti mzee wangu, lilishtuka juzi."

Pole ilikuwa nyingi. Na lile goti likaanza safari yake, kwa sababu kila kaya tuliyofika mzee alinitambulisha kwa jina, kwa kazi, na kwa goti.

Jioni nilifika kwa mama mwenye nyumba niliyofikia sijiwezi. Nikaomba maji ya kuoga, nikaoga na sabuni ya mche ile ya kufulia maana ndo ilikuwepo, nikasugua na dodoki nikiamini natoa uchafu. Hili nalisema kwa herufi zote, MICHUBUKO SIO UCHAFU. Ngozi imeshapoteza tabaka la juu, ukiisugua tena na sabuni kali unamalizia kazi iliyoanzwa na sketi. Nilipotoka bafuni nikajiangalia kwa tochi ya simu, pekundu, pana kama kiganja kila upande, panang'aa na kutoa majimaji. Nikakumbuka nina sanitaiza ya mikono kwenye begi, ile iliyobaki toka enzi za korona. Nikawaza, si inaua vijidudu? Nikapaka.

Sijui niseme nini. Nilipiga ukelele mama mwenye nyumba akaacha chungu jikoni.

"Kuna nini mwanangu?"

"Nimejigonga goti mama!"

Spiriti, sanitaiza, limao, detoli isiyochanganywa na maji, vyote hivyo kwenye ngozi iliyochunika vinaunguza na kuchelewesha kupona. Kinachotakiwa ni maji safi ya kawaida au ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo au hata usiweke, unaosha ile chumvi inatoka, unakausha kwa kugusa gusa na kitambaa laini bila kufuta, afu unaacha pakae wazi papate hewa. Mi nilifanya kinyume cha kila kitu nikavaa na taiti ya kulalia.

Siku ya pili nikaomba poda ya mtoto pale nyumbani. Saa moja ya kwanza raha, nikajiona nimeweza. Saa ya pili poda imechanganyika na jasho na yale majimaji ikawa vidonge vidogo vidogo, nikawa nasaga unga mapajani. Poda inasaidia kwenye ngozi nzima iliyokauka na kwa safari fupi, kwa mtu anayekwenda kutembea kutwa ni mtego. Mchana nikachana kipande cha kanga nikajifunga kila paja kama bendeji, nikaona nimegundua kitu. Nilikuwa katikati ya kumuuliza baba mmoja vyumba vya kulala ni vingapi, nikasimama nisogee kivulini, bendeji ya kulia ikateremka ikatokea chini ya sketi ikalala juu ya kiatu. Yule baba akatazama kiatu, akatazama pembeni, akajibu, "Vitatu." Mungu ambariki.

Kufikia siku ya tatu goti langu lilikuwa maarufu kuliko sensa. Mama mmoja aliniletea dawa ya kuchua, mwingine akanielekeza majani ya kukanda, kijana mmoja akajitolea kunibeba kwa baiskeli nikakataa haraka sana maana kukaa kwenye keria na hali ile ingekuwa ni kufa. Nilikuwa nalia njiani nikiwa nyuma ya mzee, machozi tu yanatoka. Niliwaza niache kazi. Nikawaza nitamwambia nini msimamizi, kwamba karani kashindwa kuhesabu watu kwa sababu ya mapaja?

Ndo tukafika kwa bibi mmoja, mzee kabisa, yuko mwenyewe na mjukuu wake wa kiume anayesoma. Mwenyekiti akabaki nje kwenye kivuli anaongea na jirani. Nikasalimia, "Mwangaluka bibi," akacheka kwamba binti wa mjini naye anajua Kinyamwezi. Nikaanza maswali yangu, nani walilala hapa usiku wa kuamkia Jumanne, akajibu vizuri tu, tukamaliza. Nilivyonyanyuka kuondoka akaniita nirudi ndani.

"Mjukuu wangu, goti halimtembezi mtu hivyo. Umelika mapajani."

Nililia kama mtoto. Kumbe kitu kinachokutoa machozi sio maumivu ila mtu kukitaja. Bibi hakushangaa hata kidogo, akaniambia wao zamani wakienda kulima mbali walikuwa wanapiga winda, kanga inapita katikati ya miguu inafungwa nyuma kiunoni, ndo juu wanavaa nguo, hakuna paja linalogusa paja. "Nyie mmeacha winda mmevaa hilo," akanyoosha kidole kwenye gagulo langu, "linakuoka hilo, livue." Akatoka akarudi na bukta ya mjukuu wake, nyeusi ya kubana, ile ya kuvutika inayofika katikati ya paja, imetoka kwenye kamba ina joto la jua. Nikaivaa pale pale chumbani kwake. Yani hatua ya kwanza tu kutoka mlangoni nilijua nimepona nusu.

Jioni nikanunua mafuta ya mgando kopo dogo dukani, shilingi 1,500. Kuanzia siku ya nne nikawa najipaka asubuhi kabla sijatoka, nyama yote ya ndani ya paja kuanzia pale juu mpaka chini kidogo ya panapogusana, sio kajipako ka kung'arisha, tabaka la kuonekana, afu bukta juu. Mchana naingia chooni kwa mtu narudia. Hili la kujipaka KABLA ndo wengi hatulijui, tunasubiri paume ndo tutafute dawa. Wakimbiaji wa mbio ndefu wanajipaka mafuta ya mgando mapajani na kwapani kabla ya kuanza, na wale hawana nyama ya ziada mahali popote.

Nikamaliza siku zangu za kuhesabu kaya nikiwa nimesimama. Ningekuwa na akili hadithi ingeishia hapa.

Tatizo bukta ilikuwa moja. Nafua usiku, naanika ndani ya chumba kwa sababu naona aibu kuanika bukta ya kiume kwa watu, asubuhi bado ina unyevu, naivaa hivyo hivyo. Siku nne mfululizo. Ngozi iliyochubuka, joto, unyevu, giza, ukitaka kufuga fangasi huhitaji kingine.

Nikarudi mjini, michubuko ikafunga, ile rangi nyekundu ikageuka nyeusi. Kama wiki mbili baadae ukaanza muwasho. Muwasho wa usiku ule, unaamka umeshajikuna. Na sio pale pale tena, ulisogea kuelekea kwenye mikunjo ya nyonga, una ukingo, pembeni pameinuka kidogo na pana vipele, katikati kama panaanza kupona. Nikaenda duka moja la dawa, kulikuwa na wateja wanne na kijana wa kiume kaunta, nikasubiri watoke hawatoki, mwisho nikasogea nikanong'ona, "Naomba dawa ya muwasho." Hakuuliza wapi, hakuuliza lini, na mi nilishukuru kwamba hajauliza. Akanipa tyubu shilingi 3,500.

Siku mbili, muwasho kwisha! Wekundu kwisha! Nikaiita dawa ya miujiza. Nikaacha kupaka, wiki haikuisha ukarudi na umepanuka. Nikanunua nyingine. Ikanyamaza, nikaacha, ikarudi. Nikanunua ya tatu. Sasa tuko mwezi wa kumi, joto halilaliki, nimeanza kuona mistari kama ile ya tumbo la ujauzito ndani ya paja, na ngozi imekuwa nyembamba nikijikuna kidogo inatoa damu.

Nikakosa sendofu ya binamu yangu nikisema naumwa tumbo. Usiku nikawa nawaza labda ni ugonjwa wa zinaa, na mwaka ule sikuwa hata na mtu, nikaanza kuhesabu miaka nyuma, nikajihukumu kwa mambo ambayo hayahusiani kabisa. Nikijikumbuka najionea huruma. Nina digrii, nina simu, nina shangazi mwenye akili zake chumba cha pili, na nakufa kimya kwa ajili ya mapaja.

Shangazi ndo alivunja. Jumamosi moja niko nafua akaja akasimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Mwanangu, una nini? Chupi zako unazianika chumbani kama umeziiba."

"Hamna shangazi."

"Hamna nini? Mi nilikulea. Unatembea kama bata tangu ulivyorudi sensa. Goti gani hilo?"

Kumbe goti lilishafika mjini.

Nikamweleza yote, hakucheka, au alicheka kidogo pale pa sanitaiza. Afu akanifunulia sketi yake kidogo pale magotini, ndani kavaa bukta. Miaka yote anayouza vitumbua na kutembea mpaka sokoni ameivaa, na mimi nimeishi naye nyumba moja sikujua. Nikamuuliza mbona hukuwahi kuniambia, akasema, "Na wewe hukuwahi kuniuliza." Sisi wanawake tuna hii tabia, tunaambiana siri za ndoa mpaka zisizotuhusu, ila kitu kidogo cha kusaidia mwili kila mtu anajigundulia peke yake.

Hata hilo la kuanika tulibishana. Tumelelewa kuficha chupi, unaianika chini ya kanga au nyuma ya mlango, haipigwi jua wala upepo, inakauka ina kaharufu. Shangazi akafunga kamba nyuma ya bafu, pana ukuta, hapaonekani na mpita njia ila jua linafika. Ikishakauka napiga pasi. Aibu imetunzwa na nguo imekauka.

Jumatatu tukaenda kituo cha afya. Aliyenihudumia alikuwa mama wa makamo, shangazi aliniombea tuonwe na mwanamke na hilo mnaweza kuliomba, sio dhambi. Alitazama, akaniomba nimwonyeshe nilichokuwa napaka. Nilikuwa nayo kwenye pochi. Akaisoma, akatikisa kichwa, akanieleza taratibu kwamba ndani ya tyubu ile kuna dawa tatu, moja ya bakteria, moja ya fangasi, na steroidi kali. Steroidi ndo inayonyamazisha muwasho na wekundu haraka, lakini inafanya hivyo kwa kuituliza kinga ya ngozi, kwaiyo wewe unaona umepona wakati fangasi wamefunguliwa geti. Ukiacha wanarudi wengi zaidi, na sura ya ugonjwa imeshavurugika mpaka hata mtaalamu anaweza asiutambue haraka. Na pale kwenye mikunjo ya nyonga na mapaja ngozi ni nyembamba, dawa inazama sana, ndo maana nikapata ile mistari. Mistari hiyo, akasema, inaweza kufifia ila kuisha kabisa usitegemee. Kweli bado ninayo.

Nilimuuliza ningejuaje kwamba imeshatoka kwenye michubuko imekuwa fangasi. Akasema mchubuko unaungua zaidi kuliko kuwasha, unakaa pale pale panaposuguana, na ukipumzika kutembea siku chache unapungua. Ukiona umepumzika wiki na panawasha, panatambaa, pana ukingo ulioinuka, au pamekuwa pekundu palipolowa na vipele vidogo vimetawanyika pembeni, hapo sio mchubuko tena. Na ukiona usaha, harufu mbaya, uvimbe wenye joto, wekundu unaopanda kwa haraka, au homa, hiyo ni bakteria wameingia, usikae nyumbani ukijipaka pakaa, nenda siku hiyo hiyo.

Akanipima na sukari, kidole kikatobolewa, nikashtuka nikauliza inahusiana nini. Inahusiana, kwa sababu fangasi za mikunjo zinazorudi rudi wakati mwingine ndo dalili inayomfichua mtu mwenye kisukari asiyejijua. Yangu ilikuwa sawa. Lakini kama una umri umekwenda, au kwenu kuna kisukari, au inakurudia kila mara bila sababu, pima tu.

Tiba yenyewe ilikuwa ya bei ndogo mpaka iliniudhi. Krimu ya klotrimazoli peke yake, isiyo na mchanganyiko, mara mbili kwa siku, nipake mpaka nje ya ukingo kidogo kwenye ngozi inayoonekana nzima, na nikishaona pamekuwa safi NISIACHE, niendelee wiki mbili mbele. Akanionya kwamba kwa kuwa nimeacha steroidi, siku za kwanza muwasho utapanda kwa hasira kabla haujashuka, nivumilie nisirudi dukani. Alisema kweli, siku nne zile nililala nimekalia mikono. Jumla nilipaka karibu wiki tano. Ukinijumlishia tyubu tatu za uongo, poda, mafuta, vipimo na dawa ya kweli, nauli za bajaji kwa sababu kutembea nilikuwa siwezi, ilizidi 50,000, hela ya posho ya sensa niliyokuwa nimepanga ninunulie godoro.

Sasa ninavyoishi. Nina skintaiti nne za kufika katikati ya paja, za mnadani, mbili kati ya hizo nilichagua vibaya mwanzo. Usiangalie urembo, geuza nje ndani uone mshono unapita wapi, ukipita ndani ya paja panapogusana umenunua msumeno. Isibane mpaka ikate damu, na pindo la chini lisiwe la mpira mwembamba maana litajikunja kupanda juu. Watu wanasema vaa pamba tupu, mi nakubali kwa kulala na kushinda nyumbani, ila kwa kutembea kutwa pamba inanyonya jasho inakaa nalo, inakuwa kitambaa kibichi. Zile za kitambaa cha michezo zinazokauka haraka zimenifaa zaidi, au zenye mchanganyiko. Kila mtu ajaribu kwa safari fupi kwanza, sio siku ya harusi.

Mafuta ya mgando napaka kwenye ngozi kavu na nzima, kama pana fangasi palipolowa hapo sipaki maana naziba unyevu ndani. Siku nikitaka kuvaa dera bila kitu kingine natumia ile diodoranti ya kijiti inayozuia jasho, napitisha mapajani kama kwapani, ila isiguse palipochubuka, nilishajaribu, ni sanitaiza ya pili. Nikirudi naoga, naosha chumvi, nakausha kwa kugusa gusa, najipepea na kipande cha boksi kama nachoma mahindi, shangazi ananicheka. Nikiona pameanza wekundu usiku napaka krimu ya zinki ile ya watoto wenye vipele vya nepi, nyeupe nzito, asubuhi panakuwa pametulia. Na kama pameshachubuka kweli napumzika siku mbili tatu, kama siwezi kupumzika basi bukta na mafuta, hakuna ushujaa.

Lile doa jeusi lililobaki lilinisumbua roho. Kuna dada alinishauri mkorogo, eti wiki moja mapaja yanang'aa. Nikamwambia nimeshalipa ada ya tyubu inatosha. Mikorogo mingine ina steroidi ile ile, mingine haidrokwinoni au zebaki ambazo kwenye vipodozi nchini zimekatazwa. Doa langu limefifia lenyewe polepole, ilichukua miezi mingi, ilichotaka ni nisipachubue tena.

Na hili la kuambiwa "punguza mwili". Mwili ukipungua mapaja yanagusana kidogo, ni kweli, sipingi. Ila mtu anaumwa leo na unamwambia akapungue, kwani atatembea mwakani? Afu sio wanene tu. Mdogo wangu wa kiume tunaishi naye pale kwa shangazi, mwembamba kama ufito, anacheza mpira kila jioni, bukta zake zile pana za mshono mkubwa. Nilianza kuona kopo langu la mafuta linapungua kuliko ninavyotumia. Nikanyamaza. Wiki iliyofuata akatoka mazoezini anatembea ametanua, shangazi akamuuliza una nini, akasema amegongwa goti.

Tukaangaliana na shangazi. Nikaenda dukani nikanunua kopo jingine, nikaliweka juu ya begi lake la viatu.